Tanga jipya peke yake halitoshi
Mwandishi wa makala niliyoisoma anasema kwenye mashindano ya klabu ya mashua za matanga ushindi ni wa mwenye tanga jipya. Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Sisi ni mabaharia wa ridhaa, watu watano ndani ya J/24, aina ya mashua ndogo ya matanga ya mashindano, na tofauti naiona tunapopiga bisho, yaani kugeuza chombo huku na huku ili kusonga kuelekea upepo unakotoka: anayelegeza kamba ya tanga la mbele akiwahi kidogo tu, chombo kinazubaa na wenzetu wanapita. Halafu kuna kuanza. Ishara hutolewa zikibaki dakika 5, 4 na 1. Ukivuka mstari wa kuanzia mapema unarudi kuanza upya, ukichelewa unabaki na upepo uliovurugwa na matanga ya waliokutangulia. Hayo ni mazoezi ya pamoja, hayauzwi. Klabu ziwape vijana wasio na mashua nafasi ya kushika kamba.