Kidonge cha Kupunguza Maji na Saa za Mnada

Mama mmoja mchuuzi wa samaki wa kukaanga alilazwa katika wodi niliyokuwa nikifanya kazi, miguu imevimba hadi magotini, akihema kama mtu aliyetoka kupanda mlima. Nilipofungua faili lake kuandika mpango wa huduma ya uuguzi, nilifanya jambo ambalo wauguzi wengi tukiwa wakweli tutakiri kuwa tumewahi kulifanya: nilichukua faili la mgonjwa mwingine wa moyo, aliyekuwa kitanda cha jirani, nikanakili. Katika safu ya hatua za uuguzi niliandika kwamba mgonjwa apewe mapumziko kamili kitandani. Saa nane usiku nilipopita na tochi nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, viwiko ameviegemeza kwenye kimeza cha dawa, macho makavu. Ulikuwa usiku wake wa nne bila usingizi, kwa sababu kila alipojilaza chali alihisi anazama majini. Mapumziko kamili kitandani ndiyo yaliyokuwa yakimtesa, na mimi ndiye niliyeyaandika.

Sina ugomvi na mchakato wa uuguzi wenyewe. Kukusanya taarifa, kutambua tatizo, kupanga, kutekeleza na kutathmini ni utaratibu wenye mantiki, na ukifuatwa unaokoa watu. Ugomvi wangu ni kwamba tumeuzoea vibaya: tunaanzia katikati, kwenye ugonjwa ambao daktari amekwisha kuuandika, kisha tunarudi nyuma kujaza taarifa zitakazoendana nao. Daktari akishaandika kwamba moyo umeshindwa kusukuma damu inavyotakiwa, hiyo ni kazi yake na ameimaliza. Yetu ni kujua kushindwa huko kumemfanya nini mtu huyu mmoja: anaamka mara ngapi usiku kutafuta hewa, anafika chooni au anaishia njiani, analala kwa mito mingapi. Mwaka 1961 muuguzi wa Marekani, Ida Jean Orlando, alichapisha hoja ambayo bado inanisuta, kwamba muuguzi asikichukulie anachokiona kwa mgonjwa kuwa ni kweli mpaka amemuuliza mwenyewe na kupata uhakika. Nami sikuwa nimemuuliza mama yule hata swali moja.

Lugha nayo ina sehemu yake katika kosa hili. Mgonjwa anasema moyo unamwenda mbio, kifua kinabana, miguu imekuwa mizito kama magogo. Sisi tunayachukua maneno hayo na kuyageuza kuwa Kiingereza cha orodha tulizokariri chuoni, na katika kugeuza huko yanapotea yaliyokuwa na faida. Mgonjwa akikwambia kuwa siku hizi hawezi kutoka kisimani hadi mlangoni bila kutua ndoo mara mbili, amekupa kipimo. Wiki ijayo utamuuliza anatua mara ngapi, na jibu litakueleza kama mpango wako unafanya kazi. Ukiandika tu kwamba hawezi kuhimili shughuli, umeandika jambo la kweli lisiloweza kupimwa.

Tena mgonjwa wa vitabu vya chuoni si mgonjwa wetu. Wa vitabuni, mara nyingi, ni mzee ambaye mishipa ya moyo wake imeziba. Katika wodi zetu utamkuta mtu wa makamo ambaye presha yake haikutibiwa kwa miaka mingi, kijana ambaye valvu za moyo ziliharibiwa na homa ya rumatiki ya utotoni, au mama aliyejifungua juzijuzi ambaye uvimbe na uchovu wake nyumbani walisema ni mambo ya uzazi tu. Mpango wa kumpumzisha mama anayenyonyesha ambao haumtaji mtoto wala anayembeba usiku ni karatasi tupu.

Usiku ule nilimwinua mama yule, nikanyanyua kichwa cha kitanda hadi akakaa nusu-kuketi, nikaweka blanketi lililokunjwa nyuma ya kiuno na mto chini ya kila mkono ili mabega yasibebe uzito. Baada ya kama nusu saa alisinzia. Hatua hiyo haina gharama, na ilipaswa kuwa mstari wa kwanza wa mpango.

Mstari wa pili ulipaswa kuwa mizani. Mgonjwa aliyejaa maji apimwe uzito kila asubuhi, akishakwenda haja ndogo na kabla ya kunywa chai, kwa mizani ileile na nguo za uzito uleule, kwa kuwa kilo 1 inayopungua ndani ya siku moja ni takribani lita 1 ya maji iliyotoka. Mama yule alikuja na kilo 71.4, siku ya tano, baada ya sindano za furosemide, dawa ya kupunguza maji mwilini, alikuwa na kilo 65.8, na nilipobonyeza kidole juu ya mfupa wa muundi hakikuacha tena shimo. Ninaiamini mizani kuliko chati ya maji yanayoingia na kutoka. Chati hiyo tunaijaza kwa kukadiria, mkojo mwingine unamwagwa na ndugu kabla haujapimwa, na uji wa asubuhi hakuna anayeukumbuka.

Kuhusu dripu nitasema kwa kifupi. Kwetu imejengeka imani kwamba dripu inaongeza nguvu, hivyo mtu akifika kituo chochote cha afya amechoka, anatundikiwa. Lita 1 ya maji ya chumvi ya kawaida ina gramu 9 za chumvi, ilhali Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima asile hata gramu 5 kwa siku nzima. Mgonjwa wa moyo aliyevimba akifika kwako dripu ikiwa inatiririka, swali la kwanza liwe nani ameiagiza na kwa sababu gani, na daktari aulizwe mara moja.

Najua hoja itakayotolewa, kwa sababu niliwahi kuitoa mwenyewe: muuguzi mmoja wa zamu ya usiku mwenye wagonjwa zaidi ya 30 ataupata wapi muda wa mpango wa kila mmoja? Hoja hiyo ni nzito na wanaopanga ikama, yaani idadi ya watumishi, waijibu. Lakini kunakili nako kunakula muda. Kurasa mbili nilizonakili zilinichukua dakika nyingi kuliko ambavyo ingenichukua kuvuta kiti, kuuliza maswali manne na kuandika mistari minne ambayo wa zamu ya asubuhi angeitumia.

Mama yule aliruhusiwa akiwa na nafuu kubwa. Siku ya 19 alirudi, amevimba upya. Katika makabidhiano ya zamu tulielezwa kwamba mgonjwa hafuati maelekezo, na wengi wetu tukatikisa vichwa. Safari hii nilivuta kiti. Nilimwamkia, akaitikia kwa kukatakata kwa sababu ya pumzi, nikamwomba anieleze siku yake tangu anapoamka.

Chumvi alikuwa ameiacha kweli, ile ya kopo. Maharage yake aliyapika kwa magadi ili yaive upesi, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba magadi yana sodiamu ileile iliyomo kwenye chumvi. Samaki walipokosekana alikula ng'onda, samaki aliyekaushwa kwa chumvi, ambaye kwake alikuwa samaki mkavu tu. Halafu tukafika kwenye kidonge cha kupunguza maji, ambacho tulimwandikia ameze asubuhi. Yeye huondoka nyumbani saa kumi alfajiri kuwahi mnada wa samaki, hupanda daladala, husimama mnadani hadi jua likichomoza, kisha hurudi na ndoo yake. Kidonge cha furosemide huanza kazi ndani ya saa moja na kuendelea kwa saa sita hivi. Akaniambia, kwa sauti ya kumwonea huruma mtoto asiyejua dunia, “Mwanangu, nikimeza hicho alfajiri, mnadani nitajisitiri wapi?”

Alikuwa akikimeza siku za Jumapili tu, siku ambayo haendi mnadani.

Nilimpelekea daktari habari hiyo, naye akabadilisha saa ya dawa bila mjadala: saa saba mchana, akisharudi na kuosha samaki, ili usiku nao alale. Kwenye mpango mpya niliandika saa hiyo na sababu yake, nikaandika magadi na ng'onda kwa majina yao, na nikaandika kwamba uzito ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3 asisubiri tarehe ya kliniki. Mizani hakuwa nayo, ila kulikuwa na moja kwenye duka la dawa karibu na kituo anachoshukia, tukakubaliana apime hapo kila siku saa ileile, akitoka mnadani.

Kliniki alikuja na daftari lake la hesabu za samaki. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na safu ya namba alizoandika kwa kalamu ya risasi, zote zikizunguka kilo 65 na 66, isipokuwa siku mbili zilizoachwa wazi. Nilipouliza, alisema mwenye duka alikuwa amefiwa.