Yule beki nilimkosea

Mmeuliza ni mchezaji gani wa Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa ya Zanzibar, tuliyemhukumu vibaya. Kwangu mimi, ni beki mmoja. Tulipofungwa na Burkina Faso hatua ya makundi, Kombe la Mapinduzi 2025, nilikaa barazani hapa Chake Chake, Pemba, kumsema mpaka kahawa ikapoa: mzito, hana mbio. Tarehe 13 Januari tukakutana nao tena, fainali, hapa hapa kwetu, uwanja wa Gombani. Siku hiyo nikamtazama yeye tu, mpira nikauacha. Kumbe hakimbii kwa sababu keshafika kabla! Anaisoma pasi mapema, anawapanga wenzake kwa mkono. Tukashinda 2-1, nikalia wallahi. Mwanangu, niwie radhi. Na wale niliowaaminisha pale barazani nimeshawaambia nilikosea.