Kabla ya Kuisifu Simuleta, Ilaze Ndege Chali

Ubishi wa simuleta za ndege za vita, yaani programu za kompyuta zinazoigiza urushaji wa ndege, hauishi. Huyu anasema IL-2 ndiyo yenyewe, yule anasema DCS, mwingine anaapa kwamba hata War Thunder imo ukiiweka kwenye hali ya simuleta. Ushahidi unaoletwa ni picha: mawingu, vioo vya chumba cha rubani, moshi wa mizinga. Hizo ni rangi tu. Ndege ikienda sawasawa na kasi ya kutosha, hata programu ya miaka 20 iliyopita itakudanganya vizuri. Hesabu mbovu hujitoa zenyewe pale bawa linapoacha kubeba, na zaidi ndege inapolala chali.

Stoli haina uhusiano na injini kuzima. Bawa hubeba kwa kuukabili upepo kwa pembe. Pembe hiyo ikizidi kiasi (kwa ndege nyingi za miaka ya 1940 ni nyuzi 15 hivi, na ushee), hewa ya juu ya bawa hubanduka na mzigo unabaki bila mbebaji. Kwa hiyo unaweza kustoli kwa kasi yoyote. P-51D, ndege ya kivita ya Marekani, ikiwa haina mzigo hustoli karibu na maili 100 kwa saa ikiwa mabawa yamelala sawa. Ikate kona kwa G 4 (yaani kila kitu kikiwa na uzito mara nne ya kawaida) na itastoli karibu na maili 200, kwa sababu kasi ya stoli hupanda kwa kipeuo cha pili cha G. Anayelalamika kwamba “nilikuwa na kasi nzuri tu, ndege ikanitupa” huwa ameisoma saa ya kasi na kuisahau mikono yake.

Na mikono hiyo ina shida ya vifaa. Kijiti cha mezani (joystick) ni kifupi, ncha yake husafiri sentimita chache. Cha ndege halisi kinasimama kutoka sakafuni kati ya magoti ya rubani, tena kinazidi kuwa kizito kadiri kasi inavyopanda. Mvuto ambao kwenye ndege ungehitaji bega, mezani ni kidole. Ongeza kipande cha kurefusha kijiti, au kwenye mipangilio ya programu weka mkunjo (curve) wa 15 hadi 25 kwenye mhimili wa kupanda na kushuka, ili kijiti kisiwe kikali mno, kisha rudi ulalamike. Mtetemo wa onyo unaotangulia stoli nao haufiki kwenye kiti chako cha plastiki, kwa hiyo usizime sauti ya upepo wala mtikisiko wa kamera ati vinakukera.

Simuleta nzuri itakupa stoli tofauti kwa kila ndege. Bawa la Spitfire ya Uingereza limesokotwa kidogo, ncha yake iko chini ya shina kwa takriban nyuzi 2.5, kwa hiyo shina hustoli kwanza na ndege hutetemeka mapema kukuonya. Bf 109 ya Ujerumani ina vibawa vya mbele vinavyochomoka vyenyewe kuchelewesha stoli. Fw 190, ya Ujerumani pia, haina huruma hiyo. Eric Brown, rubani wa majaribio wa Uingereza, alipolijaribu toleo lake la A-4, stoli ilikuja kwenye maili 127 kwa saa karibu bila onyo, na bawa la kushoto likaanguka kwa nguvu kiasi cha kukaribia kuipindua ndege. Kwenye kona kali ilirukia upande wa pili. Kama Fw 190 yako inatikisika kwa adabu kabla ya kuanguka, mtengenezaji amekuonea huruma usiyoiomba.

Sasa tulaze ndege chali. Anza na Spitfire Mk I, mita 2,000, mabawa sawa, kisha sukuma kijiti mbele mpaka G iwe hasi (yaani unainuka kitini na kuning'inia kwenye mikanda). Kabureta yake inatumia boya, lilelile analolijua fundi yeyote wa bodaboda: petroli ikijaa kwenye bakuli, boya hupanda na kufunga sindano. G ikiwa hasi, petroli hurukia juu ya bakuli, injini inakosa mafuta na kukohoa. Huo ni mkato wa kwanza. Ukiendelea kusukuma, boya nalo linakaa upande usio wake, sindano inabaki wazi, pampu inafurika bakuli, na injini inabanwa na mafuta mengi huku ikitoa moshi mweusi. Huo ni mkato wa pili, na ndio mbaya zaidi. Simuleta inayokupa kikohozi kimoja tu imesoma nusu ya somo.

Mwaka 1941 Beatrice Shilling, mhandisi wa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, Uingereza, alileta dawa ya muda: kipande kidogo cha chuma chenye tundu, kilichopunguza mafuta yasizidi yale injini inayoyahitaji ikiwa kwenye nguvu zote. Kiliondoa mafuriko, hakikuifanya Spitfire iweze kukaa chali. Bf 109E haikuwa na shida hiyo kwa sababu injini yake, DB 601, ilipulizia mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Wapo wanaodhani siri ni silinda zake kutazama chini. La, ni pampu.

Kosa ninalolichukia kuliko yote ni injini kuzima kwa sababu tu upeo wa macho umegeuka. Kabureta haioni upeo. Ukiwa juu kabisa ya duara, kichwa chini, huku umevuta kijiti na G ni chanya, petroli imetulia chini ya bakuli kama kawaida. Ndiyo maana marubani wa Uingereza, 109 ikipiga mbizi mbele yao, walijiviringisha kwanza mpaka wakawa chali, ndipo wakavuta. Fanya hivyo hivyo. Injini ikikatika hapo, programu inapima pembe badala ya G.

P-51D inavumilia zaidi, lakini kitabu chake kiliweka kikomo cha sekunde 10 chali, kwa kuwa shinikizo la oili hupotea. Tazama saa ya oili. Kama haisogei baada ya nusu dakika, umeshajua.

Jaribio la stoli ya chali: mita 3,000, jiviringishe, sukuma pua ipande juu ya upeo, punguza nguvu polepole na uandike kasi. Bawa lililobinuka juu hubeba vibaya likigeuzwa, kwa hiyo stoli ya chali lazima ije kwa kasi kubwa kuliko ya kawaida. Tarakimu zikilingana, mtu amechukua jedwali moja na kuliakisi.

Ukipitiliza hapo, ndege itaanguka huku ikizunguka kama pia, ikiwa chali; mzunguko huo ndio ninaouita pia. Hapa wengi hufa na kuandika malalamiko. Katika pia ya kawaida, ndege hujiviringisha na kugeuza pua upande mmoja. Katika pia ya chali, pande hizo mbili hupingana, na jicho hufuata ule wa kujiviringisha, ambao ndio wa uongo. Soma sindano ya kugeuka. Toa nguvu, weka eleroni (vipande vya mabawani vinavyoiviringisha ndege) katikati, kanyaga usukani wa mkiani kinyume cha sindano mpaka mwisho, kisha rudisha kijiti nyuma kidogo. Nyuma, si mbele. Zoea la kusukuma mbele, linalookoa kwenye pia ya kawaida, hapa linakaza kamba.

Kagua mafuta kabla. P-51D ina tangi la galoni 85 nyuma ya kiti, na likijaa uzito unarudi nyuma kiasi kwamba ndege inataka kuzidisha kila mvuto wako. Mabawa yanabeba galoni 184 kati ya 269, kwa hiyo weka asilimia 68 tu na tangi hilo liwe tupu. Na kwenye DCS zima usaidizi wa usukani kabla ya jaribio la pia, la sivyo miguu miwili itakanyaga pedali, wako na wa programu, na hutajua ni upi ulioitoa ndege au kuizika.