Hiyo "miaka 12" iondoeni

Mwandishi, makala ni nzuri, ila hiyo takwimu kwamba wapenzi wa jinsia moja wanaoishi penye chuki kubwa hufa miaka 12 mapema iondoeni. Ilitoka kwenye utafiti wa Marekani wa 2014. Mtafiti mwingine aliporudia hesabu hakupata matokeo yale, kosa likaonekana kwenye uandaaji wa data, na baadaye utafiti ukafutwa rasmi.

Ushahidi imara kwamba chuki na ubaguzi hudhuru afya upo, wala hauhitaji kutiwa chumvi. Utafiti wa 2017 katika jarida la JAMA Pediatrics ulilinganisha majimbo 32 ya Marekani yaliyoruhusu ndoa za jinsia moja na 15 yasiyoruhusu, kabla na baada ya sheria: majaribio ya kujiua miongoni mwa wanafunzi wa sekondari yalipungua kwa asilimia 7 hivi katika yale yaliyoruhusu. Nguvu yake iko kwenye huko kulinganisha kabla na baada. Dodoso la siku moja haliwezi kutenganisha chanzo na matokeo.

Na anayetaka kupima chuki yenyewe asimhoji mtu sebuleni ndugu wakisikia, maana atajibiwa linalopendeza. Ampe kishikwambi ajaze mwenyewe. Sampuli ya marafiki kuletana, yaani kila anayehojiwa kumleta mwenzake, nayo huwakosa waliojificha zaidi.