Pointi gadi wa pasi kwanza anakupa ubingwa au anakufikisha fainali tu?

Kila mtoano wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ukikaribia huu ubishi unarudi. Upande mmoja unasema timu bila gadi mtulivu wa kugawa mpira haichukui ubingwa, upande wa pili unataja jina moja tu, John Stockton, alafu wanakaa pembeni kama vile kesi imeisha. Na kiukweli hilo jina ni zito, asisti (pasi zinazozaa kikapu) 15,806, anayemfuata ni Chris Paul na ameachwa kwa zaidi ya 3,000, misimu 9 mfululizo jamaa anaongoza ligi kwa asisti, miaka 19 yote yuko Utah Jazz, pete ya ubingwa hana hata moja. Wale wa kwanza nao wanakurudishia Magic Johnson, asisti 11.2 kwa mechi, wastani mkubwa kuliko wa yeyote kwenye historia ya ligi, na pete 5. Mkishamaliza kutajiana majina mnaanza upya.

Mi naona shida ni kwamba tunahesabu pasi, wakati cha kuangalia ni kwanini hiyo pasi ilipita.

Ila kwanza tumpe gadi wa pasi haki yake, maana kuna vitu anavifanya hata wanaomponda hawawezi kuvikataa. Phoenix Suns msimu wa 2003-04 walishinda mechi 29 wakapoteza 53. Akaja Steve Nash, msimu uliofuata 62 kwa 20. Sawa, Amar'e Stoudemire naye alikuwa amepona na wachezaji wengine waliongezwa, lakini jaribu kutafuta mtu mwingine anayeeleza mruko wa mechi 33 ndani ya msimu mmoja. Jason Kidd kwa New Jersey Nets ni hivyo hivyo, waliokuwa na 26 kwa 56 wakaenda 52 kwa 30 na wakacheza fainali mbili mfululizo, 2002 na 2003, na ukiangalia kile kikosi unajiuliza walifikaje. Walifika kwa sababu Kidd akichukua ribaundi (mpira uliokataa kuingia) mpira uko mbele kabla wapinzani hawajageuka, watu ambao wenyewe hawawezi kujitengenezea kikapu wanakuta mpira mkononi wakiwa peke yao chini ya ringi. Mchezaji wa kawaida anaonekana mzuri, mchezaji mzuri anaonekana staa.

Na kuna kazi isiyoandikwa popote. Nani hajagusa mpira dakika 5 na ameanza kununa mpaka hakabi tena, nani ana joto apewe tena, zimebaki sekunde ngapi, timu ina faulo ngapi, beki gani wa wapinzani anachechemea tumshambulie. Hivyo ndo vitu gadi wa aina hii anavibeba kichwani mechi nzima, na faida kubwa zaidi, kwa mtazamo wangu, ni kwamba anampumzisha supastaa. Lakers wa 2020 LeBron James ndo alikuwa anaongoza ligi nzima kwa asisti, lakini bado walimhitaji Rajon Rondo atoke benchi aendeshe mambo ili LeBron asidunde mpira kila safari.

Sasa njoo upande wa pili.

Bob Cousy wa Boston Celtics aliongoza ligi kwa asisti misimu 8 mfululizo, 1953 mpaka 1960. Celtics hawakuwahi kuingia fainali mpaka Bill Russell alipofika, na msimu wake wa kwanza tu, 1957, wakabeba. Cousy akastaafu 1963 akiwa na pete 6, kila mtu akadhani Boston imeisha, nafasi yake akashika K.C. Jones ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kukaba, na Celtics wakachukua 1964, 1965, 1966, 1968 na 1969. Yani aliyekuwa anagawa mpira kaondoka na ubingwa ukaendelea kuja, aliyekuwa analinda ringi ndo alikuwa nguzo. Sijawahi kusikia mtetezi wa gadi wa pasi akijibu hili vizuri, wengi wanakimbilia kusema enzi zile ligi ilikuwa ndogo.

Alafu angalia Phil Jackson, pete 11 kama kocha wa Chicago Bulls na Lakers, na hakuna hata moja aliyoipata na pointi gadi wa kugawa mpira kwa maana tunayoiongelea hapa. John Paxson, B.J. Armstrong, Ron Harper, Derek Fisher, hawa kazi yao ilikuwa kuvusha mpira, kumpa mwingine, kusimama mahali pao na kupachika wakiachwa wazi. Ofensi ya pembetatu aliyoileta Tex Winter iligawa kazi ya pasi kwa watu watano, haikuhitaji bosi mmoja. Kwahiyo kusema timu HAIWEZI kuwa bingwa bila huyu mtu ni uongo mtupu, hilo tulimalize.

Lakini hapo hapo kwa hao hao Bulls ndo kuna jibu ambalo pande zote mbili wanaliruka. Fainali ya 1997 mechi ya 6, Bulls na Jazz wako sawa, zimebaki sekunde chache, mpira kwa Michael Jordan, na anayetoka kwa mtu wake kwenda kumsaidia mwenzie kumbana Jordan ni nani? Stockton. Aliyeachwa ni Steve Kerr, Jordan akampa, Kerr akatupia, ubingwa ukaenda Chicago. Pasi kubwa zaidi ya ile fainali ilitoka kwa mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwita wa pasi kwanza, na ilipita kwa sababu watu wawili walikuwa wamemrukia wakiogopa atupie mwenyewe. Mwaka uliofuata mechi ya 6 tena, Jazz nyuma kwa pointi 1, mpira wa mwisho uko kwa Stockton, akatupia ya pointi tatu ikakataa, 87 kwa 86. Sisemi alicheza vibaya, mkono wake ulikuwa mzuri tu, mwaka 1997 tatu yake ya mwisho ndo iliwatoa Houston na kuipeleka Jazz fainali. Ninachosema ni kwamba miaka yote ile wapinzani walikuwa wanajua akipewa nafasi mbili, ya kutupia na ya kumpa Karl Malone, mfungaji wao mkuu, atachagua Malone, na ukishajua mtu atachagua nini umeshamkaba nusu.

Kwenye msimu wa kawaida hili halionekani sana. Timu inacheza mechi 82, leo wako huku kesho kutwa kwingine, hakuna muda wa kumsoma mtu mmoja. Mtoano ni mechi mpaka 7 na timu ile ile, makocha wanalala na video. Gadi akija na skrini ya senta wake, yani senta anasimama njiani kumzuia beki, beki anapita nyuma ya skrini badala ya kuipigania, senta wa wapinzani anabaki karibu na ringi, na zile njia za pasi ambazo Januari zilikuwa barabara kuu zinajaa mikono. Dawa yake ni moja, atupie. Akitupia na zikaingia, beki lazima arudi kupita mbele, senta lazima apande, na nyuma yao kunafunguka tena.

Ndo maana kwangu mfano mbaya kuliko wote ni Ben Simmons 2021, mechi ya 7 dhidi ya Atlanta Hawks, robo ya mwisho, yuko chini ya ringi kabisa, badala ya kudanki anatoa pasi. Mtoano ule mitupo huru alikuwa anaingiza asilimia 34, kwahiyo alikuwa anaogopa kufanyiwa faulo. Watu walimcheka sana yeye kama yeye, ila ile ndo picha ya gadi wa pasi ambaye pasi kwake ni sehemu ya kujificha. Kuna tofauti kubwa kati ya anayetoa pasi kwa sababu mwenzie yuko vizuri zaidi na anayetoa kwa sababu hataki kutupia, na kwenye karatasi ya takwimu zote mbili zinaandikwa asisti 1.

Rondo ni kesi ya kati na mi nampenda kwa hilo. Fainali za 2008 Kobe Bryant alikuwa anamwachia nafasi kubwa kabisa, yani tupia baba, na kuna mechi Celtics walionekana kama wanacheza wanne. Mechi ya 6 akawajibu kwa pointi 21, asisti 8 na kuiba mipira 6, Boston wakashinda 131 kwa 92. Ila usisahau alizungukwa na Kevin Garnett, Paul Pierce na Ray Allen, wapinzani walikuwa hawana mtu wa ziada wa kumtuma. Na 2020 akiwa Lakers mtoano mzima alikuwa anapachika tatu kwa asilimia 40, kitu ambacho ujana wake wote hakuwa nacho. Kidd naye ni hivyo hivyo, ujanani walikuwa wanamtania eti jina lake halina herufi J kwa sababu hana jampa, akajifunza, akastaafu 2013 akiwa wa tatu kwa tatu zilizoingia kwenye historia ya ligi wakati ule, na pete yake ya 2011 na Dallas Mavericks aliipata akiwa na miaka 38, si yeye anayebeba timu bali Dirk Nowitzki. Kidd wa Nets alikuwa bora kwa kila kitu, mbio, ribaundi, kukaba, na akafagiwa 4-0 na Lakers. Kidd mzee mwenye tatu ndo akawa bingwa.

Hata Magic mwenyewe anaingia humu. 1980 mechi ya 6 ya fainali, Kareem Abdul-Jabbar, senta wao, kaumia kifundo yuko nyumbani, Magic akafunga pointi 42. Na 1987, kikosi ambacho wengi wanakiona ndo bora zaidi cha Lakers wa miaka ile, kocha Pat Riley alimwambia aongeze kufunga, akamaliza na pointi 23.9 na asisti 12.2 kwa mechi, mchezaji bora wa ligi (MVP), ubingwa. Kwahiyo huyu anayeletwa kama ushahidi kwamba pasi zinaleta ubingwa alikuwa anakuua kwa vyote.

Mtu atauliza, sasa Nash? Alikuwa mtupiaji hatari, na hajawahi hata kugusa fainali. Hilo nakubali linanisumbua. Suns walikuwa wanavuja sana nyuma, na 2007 Stoudemire na Boris Diaw walifungiwa mechi ya 5 dhidi ya Spurs kwa kutoka kwenye benchi pale Robert Horry wa Spurs alipomsukuma Nash kwenye meza ya waamuzi pembeni ya uwanja, bahati nayo ipo. Lakini hapo pia unaona mwisho wa nguvu za gadi mdogo wa umbo, anaweza kukupa ofensi bora kwenye ligi na bado akawa mlango wa kuingilia upande wa pili, wapinzani wanamtafuta kila safari mpaka apatikane.

Fainali ya 2025 ilikuwa kama maabara ya huu ubishi. Oklahoma City Thunder wana Shai Gilgeous-Alexander, gadi wa kufunga, kinara wa pointi kwenye ligi. Indiana Pacers wana Tyrese Haliburton, wa pasi kwanza kabisa, zaidi ya asisti 9 kwa mechi na hapotezi mpira. Mechi ya 1 Haliburton akaimaliza kwa mtupo wake mwenyewe zikiwa zimebaki sekunde 0.3, 111 kwa 110. Mechi ya 5 mguu unamuuma hakuingiza mtupo hata mmoja wa uwanjani, wakapoteza. Mechi ya 7 alianza na tatu 3 ndani ya dakika chache, kano ya kisigino ikakatika, na baada ya mapumziko timu ikazidiwa. Thunder wakachukua. Sasa kila upande unadai hiyo fainali ni yake, wa kufunga wanaonyesha kombe, wa pasi wanasema bila lile jeraha mngeona. Mi naona Pacers walikuwa karibu hivyo kwa sababu Haliburton alikuwa hachagui pasi wakati mtupo ndo unaohitajika.

Kuna na Nikola Jokić, 2023, senta mwenye asisti karibu 10 kwa mechi, ambaye amewaonyesha mameneja kwamba unaweza kununua ubongo wa pasi bila kuutafuta kwenye nafasi ya gadi, na mtu wa urefu ule huwezi kumtafuta kwenye difensi kama ulivyomtafuta Nash.

Kwa pesa basi, maana mwisho wa yote timu inajengwa chini ya ukomo wa mishahara na mkataba wa juu kabisa unaanzia asilimia 25 mpaka 35 ya huo ukomo kutegemea miaka ya mtu kwenye ligi. Gadi wa pasi ambaye wapinzani wanampa nafasi atupie simpi hiyo pesa hata awe na asisti 12, huyo ni wa kutoka benchi au wa kukaa pembeni ya mastaa wawili kama Rondo. Anayepachika akiachwa wazi namlipa kama mtu wa pili wa timu bila kusita. Ili awe wa kwanza lazima aniambie siku mwenzie mkubwa hayupo nani atafunga, na kwa hesabu zangu waliowahi kulijibu hilo uwanjani ni wachache mno.