Bifu la Houston

Wiki ya tatu Marekani nilishajiona profesa wa Kiingereza cha mtaani. Bifu nalijua toka Bongo, wasanii wetu wanaishi kwa hilo. Mengine nilifundishwa na mshikaji wa Mombasa tuliekuwa tunakaa nae geto moja: ukisikia mtu anataka kuku-"smoke" ujue sio sigara hiyo, ni risasi, na ukiambiwa "catch these hands" usinyooshe mkono kupokea, ni ngumi inakuja. Wallahi hawa hawaiti kipigo kwa jina lake, akaniambia, hata rais wao Truman mwaka 1950 aliulizwa kama vita vya Korea ni operesheni ya polisi tu akasema ndio hasa, na watu wanakufa kwa maelfu.

Sasa pale ghalani nilipopata kibarua kuna jamaa bonge, mikono kama mapaja yangu. Alhamisi nikamgonga kisigino na toroli. Kimya. Ijumaa asubuhi kanifata: "I got beef for you. Been smoking since midnight. Out back, lunchtime."

Piga hesabu mwenyewe. Ana bifu na mimi, ameanza kusmoki toka saa sita usiku, maana yake mi nipo kwenye foleni tu!

Saa ya lanchi nachungulia dirishani, namwona na glavu nyeusi, kisu kirefu kama cha bucha, anaangaza macho huku na huku. Nikakimbilia kwa supavaiza nahema, Kiingereza chote kimeyeyuka, "he smoke people, he have knife!" Yeye akatoka mbio, mi nikajifungia chooni.

Dakika 40. Hakuna king'ora, hakuna mlio, nasikia vicheko tu na harufu moja hivi mpaka mate yananidondoka. Nikatoka. Kumbe Texas ndo zao, kidari cha ng'ombe kinalazwa kwenye moshi wa kuni masaa 12 na zaidi, na jamaa alikuwa kanisikia nalalamika kuwa toka nifike sijala nyama ya maana. Supavaiza kidevu chote mafuta. Mi nimebakiziwa slesi mbili za mkate mweupe na achari ya matango, nikala hivyohivyo.

Bonge akanitazama weee, akatoa neno moja: "Chicken."

Na kwao kuku ndo mwoga, sasa mpaka leo sijui alikuwa ananitajia menyu ya Ijumaa ijayo au ananitaja mimi.