Samaki Wasitumiwe Kuanzisha Tangi Jipya

Kuna ushauri unaorudiwarudiwa ambao naupinga kwa moyo wote: nunua samaki wawili watatu walio wagumu, watie kwenye tangi jipya, wao ndio watakaolianzisha. Wakifa, utanunua wengine. Huko ni kuwafungia viumbe ndani ya sumu yao wenyewe, na hakuna sababu ya kufanya hivyo.

Samaki hutoa amonia, ambayo ndiyo sumu yenyewe, muda wote, nyingi ikipitia kwenye matamvua, na chakula kinachooza huiongeza. Katika tangi lililokomaa, kundi moja la bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, na jingine, hasa Nitrospira, hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia zaidi na mfugaji huipunguza kwa kubadilisha maji. Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha. Amonia huunguza matamvua. Nitriti huingia kwenye damu na kuizuia isibebe oksijeni, mpaka damu inageuka kahawia. Samaki anatweta ilhali maji yamejaa hewa. Huo unaoitwa ugumu ni kuchelewa kufa tu, si kutoumia.

Bakteria hawa hawana haraka. Wapo bakteria wanaoweza kuongezeka maradufu kwa dakika 20. Hawa huhitaji saa nyingi, mara nyingi nusu siku au zaidi. Ndiyo maana kuanzisha tangi, yaani kuwakuza bakteria hawa hadi watoshe, huchukua kama wiki 4 hadi 6. Na usidanganywe na maji maangavu, kwani amonia na nitriti hazionekani kwa macho. Ukiniuliza, vipimo vya maji vinunuliwe kabla ya samaki yeyote.

Basi washa kichujio, tia dawa ya kuondoa klorini, kisha, ili bakteria wapate chakula bila samaki, weka amonia isiyo na sabuni wala manukato hadi ifike kama miligramu 2 kwa lita. Pima. Amonia itaanza kushuka, nitriti itapanda na kukaa juu kwa muda unaochosha, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakaenda kununua samaki. Vumilia. Siku tangi litakapomaliza dozi nzima ndani ya saa 24, amonia sifuri na nitriti sifuri, badilisha sehemu kubwa ya maji, ndipo ulete samaki.

Joto la nyuzi 25 hadi 28 na hewa ya kutosha huwasaidia bakteria sana. Amonia ikigoma kushuka, angalia pH kwanza, yaani kipimo cha asidi ya maji: bakteria hawa huzalisha asidi wanapofanya kazi, na pH ikishuka chini ya 6 karibu wasimame kabisa.

Njia ya mkato ninayoiamini ni kuomba kipande cha sifongo kutoka kwenye kichujio cha tangi la zamani lenye samaki wazima. Kuomba maji yake hakusaidii sana, maana bakteria hawa hujishikiza kwenye sifongo na changarawe, ni wachache mno wanaoelea. Bakteria wanaouzwa kwenye chupa, wengine hufanya kazi, wengine hawafanyi. Ukiwatumia, endelea kupima vilevile.

Baada ya hapo, sifongo isioshwe kwa maji ya bomba yenye klorini. Isuuze kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, na ikichakaa, weka mpya kando yake kwa wiki kadhaa kabla ya kuitoa.